Uvumi Hauanzii Kwenye Simu: Imani, Redio na Chanjo ya Korona Nyeri

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoonya, mapema mwaka 2020, kwamba korona inaandamana na mafuriko ya habari za kupotosha, mjadala nchini Kenya umeuchukulia uvumi kuwa kosa la mpokeaji: mwananchi hajui, basi afundishwe, anasambaza, basi aadhibiwe. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya wiki mbili kwisha watu walikuwa wamekwisha kutiwa mbaroni chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, ambayo faini yake kwa habari za uongo ilifika shilingi milioni 5. Naona mtazamo huo umeshika mambo kinyume. Historia ya karibuni ya Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya inaonyesha kwamba uvumi wa kiafya hukita mizizi pale ambapo mwenye mamlaka haulizwi akajibu, na hunyauka pale mtu anayejulikana na watu anapokubali kuhojiwa hadharani. Habari sahihi zikiwa nyingi kiasi gani, hazizibi pengo hilo peke yake.

Ushahidi wa kwanza ni wa kabla ya korona. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Katika Nyeri, ambako Wamisionari wa Consolata walifika mwanzoni mwa karne ya 20 wakaacha parokia, shule na hospitali ya Mathari, neno la askofu ni neno la taasisi iliyozalisha na kuuguza vizazi vya watu. Dai lenyewe halikuthibitishwa. Hata hivyo, maswali yaliyolibeba yalikuwa ya haki: kwa nini wanawake peke yao, kwa nini dozi nyingi, na kwa nini kampeni ianze kimya kimya? Majibu yalikuwapo, kwani mama akichanjwa ndipo mtoto mchanga anapokingwa dhidi ya pepopunda, lakini yalikuja yamechelewa, tena kwa sauti ya kukemea. Kamati ya pamoja ilipoundwa kupima sampuli, pande mbili zilikuwa zimekwisha kutoaminiana, na hata majibu ya maabara yakawa chanzo kipya cha ugomvi.

Korona ilikuta kumbukumbu hiyo ikiwa hai. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alikuwa mwana wa Nyeri, aliyewahi kuwa seneta wake na kabla ya hapo Waziri wa Habari na Mawasiliano. Taarifa zake za kila siku zilisikilizwa, na redio za Kikuyu kama Kameme na Inooro zikazifikisha mashambani kwa lugha ya nyumbani. Kilichoharibu mambo kilikuwa mwenendo wa dola yenyewe. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Nairobi akiwa kwenye roshani ya kwao. Agosti mwaka huohuo likafumuka sakata la KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua dawa na vifaa vya tiba, la mabilioni ya shilingi katika ununuzi wa vifaa vya korona. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikufa baada ya kukamatwa kwa madai ya kukiuka kafyu, na maafisa sita wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Msikilizaji wa Karatina, Nyeri, aliyeambiwa kwamba haya yote ni kwa ajili ya afya yake alikuwa na sababu za kutilia shaka, na hazikutoka WhatsApp.

Yapo mapingamizi. La kwanza, lenye uzito, ni kwamba imani yenyewe ndiyo iliyoubeba uvumi. Dkt. Stephen Karanja, aliyeongoza chama cha madaktari Wakatoliki, aliaminiwa kwa sababu ya taaluma na dini yake. Alipinga chanjo ya korona, akahimiza kujifukiza, na Aprili 2021 akafa kwa ugonjwa huohuo. Nakubali kwamba ukaribu na watu si kinga. Lakini tazama kilichotokea safari hii: maaskofu walitangaza kwa jina lao wenyewe kwamba chanjo inakubalika kimaadili, na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Dini Mbalimbali lililoundwa mwaka 2020 kusimamia ufunguzi wa nyumba za ibada. Kanisa lilikuwa mezani tangu mwanzo. Wengine watasema Nyeri iliingia miongoni mwa kaunti zilizoongoza kwa uchanjaji kwa sababu ina elimu, barabara na hospitali karibu. Ni kweli kwa sehemu kubwa, ila mwaka 2014 vitu hivyo vilikuwapo pia na havikuzuia shaka. Pingamizi la mwisho, kwamba vyombo vya habari vilipofichua KEMSA vilivunja imani, silipi muda mrefu: Tanzania iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa mwezi Mei 2020, na ukimya huo haukuzalisha imani bali uliwaachia wenye nyungu za kujifukiza na tetesi uwanja mzima.

Serikali ilijaribu pia kulazimisha: Novemba 2021 ilitangaza kwamba kuanzia Desemba ingetaka cheti cha chanjo kwa anayetafuta huduma za umma, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Amri haishiki nafasi ya majibu. Kwa hiyo, kabla ya mlipuko mwingine, Wizara ya Afya na ichapishe zabuni zake mapema, na maafisa wa afya wa kaunti wapewe vipindi vya kudumu kwenye redio za Kikuyu, wapigaji simu wakiwauliza wanachotaka. Na Chuo cha Polisi cha Kiganjo, hapohapo Nyeri, kilichofunza vizazi vya askari wa nchi hii, kiweke ulinzi wa afya ya umma katika mtaala wake, kwa maana askari mwenye rungu ndiye mjumbe wa afya ambaye Wakenya wengi walikutana naye ana kwa ana.