Mlango wa maji ya kupozea injini ya boti

'''Mlango wa maji ya kupozea injini ya boti''' ni tundu, au kundi la matundu, linaloingiza maji ya bahari, ziwa au mto katika mfumo wa kupoza injini ya chombo. Gari hupoza injini yake kwa rejeta inayopigwa na upepo. Boti nyingi hazina rejeta ya namna hiyo: huchota maji yaleyale zinamoelea, huyazungusha ndani ya injini na kuyatupa nje yakiwa na joto.

Mlango huo ni kitu kidogo, lakini injini nzima inautegemea. Unatakiwa kupata maji wakati wote, kwa mwendo wa polepole na kwa mwendo wa kasi, na maji hayo yasiwe na hewa nyingi wala taka. Katika boti za mwendo kasi hatari kubwa ni mlango kutoka nje ya maji au kunyonya povu. Katika boti za kawaida za Ziwa Viktoria hatari kubwa ni mlango kuzibwa.

== Kazi yake ==

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu tu ya nishati yake huzungusha propela. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na nyingine hubaki katika chuma cha injini kama joto. Joto hilo lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza nguvu, pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda, na kichwa cha silinda huweza kupinda.

Kuna mifumo miwili mikubwa ya kupoza:
* Mfumo wa wazi: maji ya nje hupita moja kwa moja ndani ya injini. Ndio unaotumika katika karibu injini zote za kupachika.
* Mfumo uliofungwa: maji maalumu huzunguka ndani ya injini bila kutoka. Maji ya nje hupita pembeni, katika kifaa cha kubadilishana joto, na kuyapoza. Hutumika katika injini nyingi za dizeli zilizofungwa ndani ya chombo.

Mifumo yote miwili huhitaji mlango wa maji ya nje.

== Katika injini za kupachika ==

Injini ya kupachika hufungwa tezi, yaani nyuma ya chombo. Matundu ya kuingizia maji huwa pembeni mwa mguu wake, juu ya propela kidogo, na hufunikwa kwa wavu mdogo wa kuzuia taka. Juu ya matundu hayo kuna pampu yenye impela ya mpira, inayozungushwa na shafti ileile inayoendesha propela. Pampu husukuma maji juu hadi kwenye silinda. Termostati huzuia mtiririko mpaka injini ipate joto la kufanyia kazi, kisha hufunguka. Maji yaliyotumika hutoka pamoja na moshi.

Injini nyingi huwa pia na kitundu kidogo kinachorusha maji membamba nyuma. Mtiririko huo ni ishara kwa nahodha kwamba pampu inafanya kazi.

Impela hulainishwa na maji inayoyasukuma. Injini ikiwashwa nchi kavu bila bomba la maji, mpira huo huweza kuharibika kwa muda mfupi sana.

== Katika boti za mwendo kasi ==

Boti inapokwenda kasi, mwili wake huinuka na sehemu ndogo tu hugusa maji. Mguu wa injini uliozama hukokota maji na kupunguza mwendo, kwa hiyo wenye boti za kasi huinua injini juu zaidi. Hapo ndipo shida huanza: matundu ya pembeni hukaribia uso wa maji, hunyonya hewa na povu, na injini huungua ingawa chombo kiko katikati ya maji.

Dawa iliyozoeleka ni kuhamisha mlango. Matundu ya pembeni huzibwa, na mapya hutobolewa chini kabisa, mbele ya mguu, kwenye ncha iliyochongwa kama pua. Sehemu hiyo ndiyo ya mwisho kutoka majini, na inakutana na maji safi kabla hayajavurugwa na mguu wenyewe.

Mlango unaotazama mbele hupata pia msaada wa mwendo: maji hujisukuma yenyewe kuingia. Kwa hesabu ya fizikia, shinikizo hilo ni nusu ya densiti ya maji mara mraba wa kasi. Katika maji matamu, kiwango cha juu kinachowezekana ni:
* kilomita 30 kwa saa: takriban bar 0.35
* kilomita 60 kwa saa: takriban bar 1.4
* kilomita 120 kwa saa: takriban bar 5.6

Kasi ikiongezeka mara mbili, shinikizo huongezeka mara nne. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa hewa ya bar 2 na kidogo. Kwa sababu hiyo boti ya kasi sana huhitaji vali ya kupunguza shinikizo, au mlango mdogo zaidi, ili mipira ya maji na gasketi visipasuke. Boti inapopunguza mwendo, msaada huo hutoweka karibu wote. Ndiyo maana pampu bado inahitajika, hasa boti inapotoka au kurudi gatini.

Boti za mashindano ya F1H2O, ambayo yamefanyika mara nyingi Sharjah katika Falme za Kiarabu, hupita kilomita 200 kwa saa. Kwa kasi hiyo makosa madogo ya mahali pa mlango huonekana mara moja kwenye kipimo cha joto.

== Katika injini za ndani ==

Boti yenye injini ndani hupata maji kupitia tundu chini ya tumbo la chombo au kupitia mdomo uliofungwa tezi. Baada ya tundu hufuata vali ya kufungia, kisha chujio, kisha pampu. Vali ni ya lazima kwa usalama, kwa sababu bomba likipasuka bila vali, maji huingia chomboni na kukizamisha.

Tundu halitakiwi kuwa nyuma ya kitu kinachovuruga maji. Boti nyingi za kasi zina ngazi chini ya tumbo, ambazo huvuta hewa ili kupunguza msuguano. Mlango ukiwekwa nyuma ya ngazi hizo hunyonya hewa badala ya maji. Boti zinazosukumwa kwa maji ya pampu, bila propela ya nje, huweza kuchukua maji ya kupozea kutoka katika pampu hiyohiyo.

== Katika Ziwa Viktoria ==

Katika mikoa ya Mwanza, Geita na Kagera, injini za kupachika huendesha mitumbwi ya wavuvi wa sangara na dagaa, na boti za abiria kati ya visiwa. Mwendo wake si wa mashindano, hivyo matundu ya pembeni yanatosha. Adui ni magugu maji, mifuko ya plastiki, vipande vya nyavu na mchanga wa mialoni.

Magugu maji (''Pontederia crassipes''), yenye asili ya Amerika ya Kusini, yalienea katika ziwa hili kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 wadudu aina ya ''Neochetina'' waliletwa ili kuyala, na yalipungua sana, lakini hurudi katika ghuba zenye maji yenye rutuba nyingi. Mizizi yake mirefu huning'inia chini ya uso, sawasawa na kina cha matundu ya injini. Mapema mwaka 2025 magugu yalisumbua safari za vivuko kati ya Kigongo na Busisi, njia ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa hapo, na magari yakaacha kutegemea vivuko. Wavuvi hawana daraja la kuwafikisha kwenye nyavu zao. Kwao magugu bado ni tatizo la kila msimu.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, hivyo mvuke huanza mapema kidogo injini inapokosa maji.

== Pwani ==

Baharini, kama vile Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, adui mwingine ni chumvi. Maji ya bahari yakipata joto kali huacha ukoko ndani ya njia za injini na kuzipunguza. Kwa hiyo injini iliyotumika baharini husafishwa kwa maji matamu baada ya safari.

== Dalili na matunzo ==

Dalili za mlango kuzibwa ni mtiririko wa ishara kupungua au kukatika, mvuke kutoka na moshi, king'ora cha joto kulia, au injini kupoteza nguvu. Hatua za kawaida ni hizi:
# Kuzima injini mara moja.
# Kuinua mguu na kuondoa taka kwenye matundu.
# Kuangalia kitundu cha ishara na kukizibua kwa waya mwembamba.
# Kusubiri injini ipoe kabla ya kuiwasha tena.
# Mtiririko usiporudi, kukagua impela.

Impela hubadilishwa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na mapema zaidi penye mchanga. Injini ikizimika katikati ya ziwa, chombo hugeuzwa na upepo na kupigwa na mawimbi ubavuni, na mtumbwi uliojaa watu au samaki huweza kupinduka. Kwa sababu hiyo impela ya akiba, makasia, nanga na maboya ya kujiokolea kwa kila aliyemo ni sehemu ya vifaa vya safari, sawa na mafuta.