Dar es Salaam hadi Zanzibar: Kilomita 73, dakika 20 angani

UMBALI kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA) jijini Dar es Salaam na Uwanja wa Abeid Amani Karume wa Zanzibar ni kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, sawa na maili 39 hivi za baharini.

Kiwanja cha Zanzibar kiko karibu kaskazini moja kwa moja mwa kile cha Dar es Salaam, hivyo rubani hana mzunguko mkubwa njiani.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, yenye mwendo wa takriban kilomita 300 kwa saa, hutumia dakika 20 hivi tangu kupaa hadi kutua. ATR za Shirika la Precision Air zina kasi zaidi, lakini haziokoi muda mwingi, kwa kuwa safari yenyewe karibu yote ni kupanda na kushuka. Abiria huwa hajamaliza hata kurasa mbili za gazeti.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Kariakoo au mfanyabiashara wa Feri, dakika hizo 20 si hesabu kamili.

Kutoka Feri hadi Kipawa ni kilomita 12 au 13 kupitia Barabara ya Nyerere. Daraja la juu la Mfugale, lililozinduliwa Septemba 2018 katika makutano ya Tazara, lilipunguza adha, lakini jioni yenye foleni bado yaweza kula saa nzima. Abiria hutakiwa kufika kiwanjani mapema, aghalabu saa moja kabla. Akishatua, zimebaki kilomita kama saba kufika Darajani.

Boti za mwendo kasi, kwa upande wake, huondoka bandarini kandokando ya Barabara ya Sokoine, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Feri, na kufika Malindi, mlangoni mwa Mji Mkongwe, kwa saa mbili au pungufu kidogo.

Kwa hiyo safari nzima, kutoka mlango hadi mlango, hukaribiana: saa mbili na nusu hivi kwa njia zote mbili. Kwa mkazi wa Ukonga au Gongo la Mboto, jirani na kiwanja, ndege hushinda waziwazi.

Tofauti huonekana hasa kwa mtu mwenye msiba. Aliyepigiwa simu usiku kwamba maziko Unguja ni baada ya Adhuhuri ataiwahi boti ya kwanza, ambayo kwa kawaida huondoka saa 1 asubuhi. Simu hiyo ikija saa 4, ndege ndiyo tegemeo lake, iwapo nafasi ipo.

Mizigo nayo ina neno. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 hivi kwa abiria, kiasi kisichomfaa mchuuzi mwenye marobota ya Kariakoo.

Aidha, upepo wa kusi huchafua bahari katikati ya mwaka. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na abiria zaidi ya 200 ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na tangu hapo wako ambao, bahari ikichafuka, huelekea Kipawa bila kuuliza nauli.