Wasafiri wa Kwanza wa Anga za Juu Walivyochaguliwa

Ewe msomaji, bila shaka umepata kufanya mtihani na kungoja matokeo yake kwa wasiwasi. Basi fuatana nami nikuonyeshe mtihani uliofanywa nchini Marekani mwaka 1959. Watahiniwa wake walikuwa watu wazima, hodari wa kazi yao, na tuzo ya kufaulu ilikuwa kurushwa kwa roketi hadi mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyekuwa amefika.

Shirika la NASA liliundwa mwaka 1958, na mara likakabiliwa na swali gumu: apelekwe nani? Hapakuwa na mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa haijapata kufanywa. Kwanza lilitolewa shauri la kuitangaza kwa watu wote. Lakini Desemba mwaka huohuo Rais Eisenhower aliamua kwamba watafutwe miongoni mwa marubani wa majaribio wa jeshi, yaani wale wanaorusha ndege mpya ili kuzijua kasoro zake. Masharti yalikuwa makali: umri usiofika miaka 40; kimo pungufu ya futi 5 na inchi 11, maana chombo kilikuwa chembamba; elimu ya kiwango cha shahada; na saa 1,500 za kurusha ndege.

Kumbukumbu za marubani 508 zilipekuliwa, na 110 tu wakaonekana kutimiza masharti. Baada ya mahojiano, watu 32 walipelekwa katika mji wa Albuquerque, ambako waganga waliwapima tangu utosi hadi unyayo. Kutoka huko walikwenda Dayton, Ohio. Walitiwa katika chumba chenye joto kali, wakatumbukiza miguu katika maji ya barafu, wakafungiwa peke yao gizani pasipo sauti yoyote. Tena walitakiwa kuandika majibu 20 ya swali moja: "Mimi ni nani?" Jaribu nawe, msomaji, majibu ya kwanza ni mepesi, lakini ya mwisho yana kazi.

Tarehe 9 Aprili 1959 yalitangazwa majina ya watu saba: Carpenter, Cooper, Glenn, Grissom, Schirra, Shepard na Slayton. Ndipo mafunzo yakaanza. Roketi ipaapo, mwili wa msafiri hulemewa kana kwamba uzito wake umeongezeka mara nyingi. Kwa hiyo walizoezwa ndani ya mashine yenye mkono mrefu uliozunguka kwa kasi kubwa. Mjini Cleveland palikuwa na mashine nyingine iliyompindua mtu pande tatu kwa pamoja, hadi mara 30 kwa dakika, naye alipaswa kuituliza kwa mkono wake mwenyewe. Wengi hutapika wakizungushwa hivyo. Rubani alitakiwa kufikiri.

Katika Urusi ya Kisovieti vijana wengine walikuwa wakizoezwa kwa siri. Tarehe 23 Machi 1961 mmoja wao, Valentin Bondarenko, mwenye umri wa miaka 24, aliungua moto katika chumba cha upweke kilichojaa oksijeni nyingi, akafa. Siku 20 baadaye mwenzake, Yuri Gagarin, akawa mwanadamu wa kwanza kuizunguka dunia. Ulimwengu wote ulimshangilia Gagarin. Habari za Bondarenko zilifichwa kwa miaka mingi.

Sasa na tuulize: je, mtihani ule uliwapata wote waliofaa? James Lovell alikuwa mmoja wa wale 32, akakataliwa kwa sababu ya dosari ndogo iliyoonekana katika damu yake. Alipokewa mwaka 1962, na mwaka 1970 ndiye aliyekuwa nahodha wa Apollo 13, chombo kilicholipukiwa na tangi njiani kuelekea mwezini. Alirudi nyumbani salama na wenzake wawili.

Wanawake je? Mwaka 1960 rubani Jerrie Cobb alipimwa mwili palepale Albuquerque, nje ya mpango wa NASA, akafaulu. Wengine 12 walifaulu baada yake. Shauri lao lilipofika mbele ya kamati ya Bunge Julai 1962, waliambiwa kwamba msafiri lazima awe rubani wa majaribio. Nazo shule za jeshi za marubani hao hazikuwapokea wanawake. Ufunguo wa mlango mmoja ulikuwa umefungiwa nyuma ya mlango mwingine. Mwaka uliofuata Warusi walimrusha Valentina Tereshkova, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Hakuwa rubani, ila alijua kuruka kwa mwavuli, na chombo chao kilimtaka msafiri atue kwa mwavuli. Aliizunguka dunia mara 48.

Cobb alifariki mwaka 2019 bila kufika huko. Mwenzake, Wally Funk, alifika Julai 2021, kwa dakika chache tu, akiwa na umri wa miaka 82.

Wale saba walistahili heshima yao, nasi hatuwapunguzii hata chembe. Lakini kumbuka, msomaji, kwamba mtihani hupima kile tu ambacho mtungaji wake alikifikiria. Ukifaulu, usiwadharau walioachwa nje. Na ukiachwa nje, usidhani kwamba umekwisha kupimwa wote.