Rozari Kabla ya Mazoezi: Ibada za Zamani na Vijana wa Kwaya Yetu



Kamati ya jubilei iliponiagiza niandike historia ya kwaya, nilifungua kwanza madaftari ya kumbukumbu za mikutano. Humo mna sare, michango, kinanda kilichonunuliwa na kinanda kilichoharibika. Lakini wazee niliowauliza kwaya ilianzia wapi hawakutaja kinanda hata mara moja. Walitaja rozari ya mwezi wa Oktoba, nyumba hadi nyumba, njia ikipita katikati ya majani chai, na vijana waliotumwa kuanzisha wimbo kati ya kumi moja na jingine kwa kuwa sauti za akina mama zilikuwa zimechoka. Basi nami naanzia hapo.

Wamisionari wa Consolata walifika Kenya mwaka wa 1902 kutoka Turin, Italia. Shirika lao lenyewe lina jina la Mama Maria Mfariji, kwa hiyo si ajabu kwamba rozari ilifika nao. Mwaka wa 1926 Meru ilitengwa na Nyeri, na sisi wa Embu tukawa chini ya Meru hadi 1986, Jimbo la Embu lilipoundwa na John Njue, Kardinali wa baadaye, akawa askofu wake wa kwanza. Miaka hiyo ya mwanzo mapadre walikuwa wachache na vigango vilikuwa mbali. Misa ilisomwa kwa Kilatini. Padre akiwa altareni, waumini wengi walikuwa wakisali rozari kwa lugha yao. Jumapili isiyo na padre, katekista aliongoza sala.

Jambo hilo tunalipita haraka mno. Misa ilimhitaji padre, lakini rozari na Njia ya Msalaba zilimhitaji tu mtu anayezijua. Msichana wa darasa la sita aliyeyashika matendo yote kwa moyo aliweza kuwaongoza watu wazima, nao wakaitikia. Katika kijiji cha wakati ule, ni wapi pengine angepewa nafasi hiyo?

Hati ya Mtaguso kuhusu Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ilizifungulia lugha zetu mlango, na kwaya zikapata kazi mpya ndani ya Misa. Ibara ya 13 ya hati hiyohiyo inazisifu ibada za waumini, ila inataka zipatane na liturujia na kuwaelekeza watu kwake. Hata hivyo walikuwako waliodhani rozari imepitwa na wakati. Papa Paulo wa Sita aliwajibu kwa barua yake ya 1974 kuhusu heshima kwa Bikira Maria. Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongeza Matendo ya Mwanga, yanayosaliwa siku ya Alhamisi. Bibi yangu hakuyapokea. Hadi alipofariki, Alhamisi yake ilikuwa ya Matendo ya Furaha, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Sasa nije kwa kosa letu. Kuna mwaka ambao kwaya ilipiga kura kuiondoa rozari kabla ya mazoezi. Sababu iliyoandikwa ni muda: mazoezi yalichelewa na wasichana walifika nyumbani giza likiwa limeingia. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Ile ambayo haikuandikwa ni kwamba tuliona rozari ni ya akina nyanya, nasi tulitaka ngoma na kinanda. Niliunga mkono hoja hiyo, na jina langu limo daftarini.

Tarehe 27 Novemba 2015 nilikuwa Kasarani, Papa Francisko alipokutana na vijana. Aliulizwa maswali mazito, kuhusu ukabila, ufisadi, na vijana wanaoingizwa katika makundi ya kigaidi. Kisha akaeleza anachobeba mfukoni siku zote: rozari, na Njia ya Msalaba ndogo ya kukunja. Uwanja ulipiga makofi. Mimi nilikumbuka lile daftari.

Hata hivyo hatukubadilika mwaka huo. Kilichotubadilisha ni korona. Makanisa yalifungwa Machi 2020, na yalipofunguliwa Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, muda wa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Ghafla akina nyanya hawakuwepo. Ilipofika zamu yetu kuongoza rozari kwenye jumuiya, tulijikuta waimbaji wanane, sauti zote nne zimetimia, na hakuna aliyejua tendo la nne la uchungu. Kijana mmoja alitoka nje akampigia mama yake simu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, ndugu wawili vijana wa hapa Kianjokoma walikamatwa na polisi usiku wa kafyu, na familia yao ikawapata mochari. Nchi nzima ililisikia jina la soko letu kwa habari hiyo. Wiki ile kwetu hakuna aliyekuwa na wimbo. Nyumbani tulisali Matendo ya Uchungu kila jioni, hata siku zisizo zake, na mdogo wangu wa kiume, ambaye kwa kawaida hukimbia sala, alikuwa akikaa hadi mwisho wa litania.

Rozari ilirudi daftarini bila kura. Siku hizi mazoezi huanza saa tisa na nusu badala ya saa kumi na nusu, ili wasichana wafike nyumbani kungali mchana. Tunasali makumi yote matano, na kila sauti ina juma lake la kuongoza. Juma la jubilei ni la besi, na wameshaanza kuulizana matendo.