Siku Mtandao wa Kanada Ulipozimika: Somo kwa Duka na Chama Chako

Leo tuache kidogo mbolea na viwavijeshi. Msimu uliopita wakala mmoja wa huku kwetu alibadilisha ruta siku ya gulio. Intaneti ikagoma hadi jioni, na mkulima aliyeuza ufuta akakosa hela ya kulipa vibarua. Yaliwahi kuwakuta hata wakubwa.

Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers nchini Kanada ilikuwa inaboresha ruta za mtandao wake mkuu. Ruta huelekeza taarifa zipite njia ipi, kama mgawa maji kwenye mfereji wa umwagiliaji. Kazi ilipangwa kwa awamu 7, na 5 za kwanza zilipita salama. Awamu ya 6 ilifanyika alfajiri, watu wengi wamelala. Hapo walipanga vizuri. Ila mafundi waliondoa kichujio kilichozuia wingi wa taarifa za njia. Ni sawa na kung'oa lango la mfereji: maji yote huingia shambani kwa mkupuo. Ruta kuu zikazidiwa, zikaanguka.

Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa simu na intaneti kwa takribani saa 26. Malipo ya kadi ya Interac yalisimama nchi nzima. Mwenye duka alitaka fedha taslimu, na mteja hana. Wapo walioshindwa kupiga 911, namba ya dharura.

Uchunguzi ulionyesha mambo mawili ya kuyashika. Kwanza, mwanzoni kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya hatari kubwa. Awamu za mwanzo zilipofanikiwa, ikashushwa kuwa ya hatari ndogo. Mazoea yana taabu. Pili, mafundi walitegemea mtandao uleule kuifikia mitambo. Ulipokufa, nao wakafungiwa nje. Kujua chanzo tu kulichukua saa 14.

Kwa hiyo, kabla hujabadilisha ruta dukani au kwenye ofisi ya chama:

1. Chagua muda wateja ni wachache. Usifanye siku ya gulio wala siku ya malipo ya wakulima.
2. Piga picha nyaya zilivyochomekwa, na andika mipangilio ya zamani kwenye daftari.
3. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine.
4. Tunza ruta ya zamani mpaka mpya ifanye kazi siku kadhaa. Ikigoma, unarudisha ya zamani na biashara inaendelea.
5. Kuwa na laini ya kampuni nyingine, yenye salio, pamoja na fedha taslimu kidogo.

Baada ya siku ile, Rogers waliamua kutenganisha mtandao wa simu za mkononi na ule wa nyaya, ili mmoja ukianguka usiuvute mwingine. Wewe huhitaji mabilioni kufanya hivyo. Laini ya pili na daftari vinatosha kuanzia.