Beetle: Michoro Iliyokataliwa na Dirisha Lililopanuliwa

Volkswagen Beetle ni gari la familia la Kijerumani lililodumu na umbo lake la kobe tangu miaka ya 1930 hadi 2003. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21. Hapa Afrika Mashariki lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962.

Si kwamba hakuna aliyetaka kulibadilisha sura. Inasimuliwa kuwa mapema miaka ya 1950 mkuu wa kampuni, Heinz Nordhoff, aliwauliza wabunifu wa Pininfarina wa Italia kibadilishwe nini. Jibu lao lilikuwa fupi: panueni dirisha la nyuma. Mwaka 1953 vioo viwili vya nyuma vikawa kimoja, na 1957 kikaongezwa ukubwa. Magari kadhaa ya majaribio yaliyonuiwa kurithi nafasi yake hayakuuzwa kamwe. Mengine yamewekwa makumbusho huko Wolfsburg.

Kwetu Taveta somo hili lina uzito. Gari la nyumba ndilo linalobeba ndizi siku ya soko, na usiku ndilo linalomkimbiza mgonjwa Voi, zaidi ya kilomita 100, kwenye barabara ambayo ndovu wa Tsavo huikatiza. Naona vijana wetu wakitaka bampa mpya na vioo vyeusi. Sipingi urembo. Lakini mimi ningeanza pale Pininfarina walipoanzia: dereva aone vizuri. Taa, vioo, breki na tairi kwanza, rangi baadaye.