Bessie Coleman alianza urubani kwa kusoma Kifaransa

Wasee, kila mtu akiuliza mtandaoni vile mtu huanza kusomea urubani, majibu hukuwa mawili: "uko na doo?" na "unajua mtu?" Hayo ni maswali halali, sikatai. Lakini kuna dada mmoja Mmarekani mweusi aliyeanza bila doo na bila mtu, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tukimtaja, tunakimbilia ile picha yake amevaa kofia ya ngozi na miwani ya rubani. Leo nataka tuangalie miaka ya kabla ya hiyo picha, kwa sababu huko ndiko kuna somo la mtu anayejiandaa.

Bessie Coleman alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 huko Atlanta. Si ule mji mkubwa wa Georgia. Ni mji mdogo wa Texas wenye jina hilo hilo. Alikuwa mtoto wa 10 kati ya watoto 13. Alikulia Waxahachie, familia ikichuma pamba, na msimu wa kuvuna ukifika masomo yanasimama, watoto wanaingia shambani. Alipenda hisabati. Alijikusanyia pesa za kufua nguo za watu, akaingia chuo kule Langston, Oklahoma. Muhula mmoja tu, pesa zikaisha. Akarudi nyumbani kufua tena.

Mwaka wa 1915 alihamia Chicago kwa ndugu zake. Akasomea kutengeneza kucha, akapata kazi kwenye duka la kinyozi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, ndugu zake wakarudi kutoka Ufaransa na stori. Mmoja, John, alikuwa anamchokoza ati wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, na yeye hawezi kamwe. Bessie akaamua ataweza.

Shule za urubani za Marekani zikamfungia mlango. Alikuwa mweusi, halafu mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa, ambako wangempokea.

Sasa cheki alichofanya. Hakukata tiketi kesho yake. Kwanza alisoma Kifaransa, maana mwalimu wa ndege akikupigia kelele huko juu, hakuna wakati wa kutafuta mkalimani. Pili, aliacha kazi ya kucha akachukua ya kusimamia mkahawa, kwa sababu ilikuwa na mshahara mzuri zaidi. Akaweka akiba, na ndipo Abbott na mwenye benki Jesse Binga wakamwongezea. Tatu, alishughulikia pasipoti na makaratasi ya safari. Novemba 1920 akapanda meli. Mpaka hapo hakuwa amegusa usukani hata mara moja.

Alijiunga na shule ya ndugu wawili wa Caudron, mji wa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, waya na kitambaa. Alishuhudia mwanafunzi mwenzake akifa kwenye ajali, na akaendelea. Kozi ilikuwa ya miezi 10. Yeye alimaliza kwa 7. Tarehe 15 Juni 1921 alipata leseni ya shirikisho la kimataifa la urubani, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata. Siamini hiyo miezi 3 aliyookoa ilitokana na kipaji peke yake. Ilitoka Chicago, kwa zile jioni za kukariri vitenzi vya Kifaransa baada ya kazi.

Sasa tuje kwetu. Uwanja wa Wilson una jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka wa 1929. Leo Mkenya yeyote anaweza kuingia pale akaulizia masomo, huhitaji kupanda meli. Lakini bado tunaanza mwisho. Mtu anauliza karo, familia inachanga, wengine wanauza kipande cha shamba, na hakuna aliyemuuliza kijana kama macho yake, masikio yake na moyo wake vitapita vipimo vya daktari. Ukitaka kurusha abiria kwa malipo, utahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kifanyie hicho kabla hujalipa hata shilingi ya karo. Kipimo ni gharama ndogo, shamba halirudi.

Halafu lugha. Kifaransa cha Bessie ndicho Kiingereza chako cha redio. Viwango vya kimataifa vinataka rubani afike angalau daraja la 4 kati ya 6, na kuongea na mnara wa kuongozea ndege si sawa na kuongea na maboys. Soma nadharia mapema pia: hali ya hewa, sheria za anga, jinsi ya kupanga safari kwenye ramani. Leseni ya binafsi inataka angalau saa 40 za kuruka, na kila saa inalipiwa. Kitu ungekisoma nyumbani bure, ukikisomea angani injini ikinguruma, unakilipia mafuta.

Sitawadanganya kwamba kujiandaa kunamaliza kila kitu. Bessie alirudi Marekani akawa nyota wa maonyesho ya ndege, na ndoto yake ilikuwa kufungua shule ya vijana weusi. Lakini pesa zilibana, na ndege alizomudu zilikuwa kuukuu. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville, Florida, fundi wake William Wills alikuwa akiendesha ndege ambayo injini ilikuwa imemsumbua njiani akiileta. Bessie hakuwa amefunga mkanda, alitaka kuinama achungulie uwanja wa onyesho la kesho yake. Spana iliyosahaulika ikakwamisha mitambo, ndege ikapinduka, akaanguka. Alikuwa na miaka 34. Wills pia alikufa.

Shule hakuifungua. Lakini mwaka wa 1929 William Powell alianzisha klabu ya urubani Los Angeles, akaipa jina la Bessie, na watu weusi wakajifunza kuruka. Mwaka wa 1992, Mae Jemison alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, alibeba picha yake.

Kwa hivyo msee, kama unasubiri doo ndio uanze, usikae bure. Wiki hii piga hesabu, fungua akaunti ya akiba, tafuta daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na uanze nadharia. Na siku utakapoingia kwenye ndege, angalia kama kuna spana imeachwa, halafu funga mkanda.